Maji laini, meno yenye madoa

Picha ya darasa ilipoletwa nyumbani, binti yangu wa miaka minane ndiye pekee aliyekuwa amefumba mdomo. Wenzake wote walikuwa wamekenua kama waliotekenywa. Yeye, ambaye kicheko chake husikika hadi nyumba ya tatu, alikuwa amebana midomo mithili ya fundi cherehani aliyeshikilia pini.

"Kwani hujui?" mama yake akaniuliza nilipotaka kujua kulikoni. "Shuleni wanamwita Turungi."

Nilijua, ila nilijua vibaya. Meno yake ya kudumu yalikuwa yameota na madoa ya kahawia, na mimi nilidhani ni uvivu wa kupiga mswaki. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikisimama naye bafuni kila jioni nikimwamuru asugue tena. Siku moja alisugua hadi ufizi ukatoa damu, na madoa yakabaki pale pale. Haya nayaandika kwa aibu.

Daktari wa meno hakuchukua hata dakika tano. Alimfungua kinywa, akamulika, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mnaishi wapi?"

"Kitengela."

"Maji ya bomba au ya kisima?"

"Kisima."

Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba ule haukuwa uchafu. Doa lilikuwa ndani ya jino lenyewe, na liliingia miaka mingi nyuma, jino lilipokuwa bado linaumbwa ndani ya ufizi. Mkosaji anaitwa floraidi, aliye ndani ya maji tunayokunywa. Floraidi kidogo huimarisha jino, ndiyo sababu imo katika dawa nyingi za meno. Ikizidi, huliharibu lile gamba gumu la nje wakati linapotengenezwa. Mtoto akishapita miaka minane hivi, karibu meno yote yanayoonekana anapocheka yamekwisha kuumbwa, na hakuna mswaki utakaofuta kitu.

"Una mwingine mdogo?" akauliza.

Nilikuwa naye. Mvulana wa mwaka mmoja na miezi miwili, ndiyo kwanza ameanza kunyweshwa uji.

"Basi yeye bado mnaweza kumwokoa," daktari akasema.

Msomaji, maneno hayo yalinikata maini kuliko yale ya kwanza. Maji yale ndiyo yaliyonifanya ninunue nyumba ile.

POVU LILILONIDANGANYA

Tulihama Nairobi binti yetu akiwa na miezi kumi. Kitengela, kama ajuavyo kila aliyejenga huko, maji ni mali. Kuna mitaa ambako lori la maji lisipokuja, nguo hazifuliwi. Aliyeniuzia nyumba alijua hivyo. Hakunionyesha vyumba kwanza. Alinipeleka kwenye bomba la uani, akanipa kipande cha sabuni na kuniambia ninawe mikono. Povu lilifura hadi kwenye viwiko. "Maji laini haya," akasema kwa fahari. "Na hayakauki mwaka mzima."

Hakusema uongo. Maji hayajakauka hata siku moja, na sabuni bado inatoa povu. Laiti ningalijua kwamba povu lile lilikuwa likinionya!

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, binti ya dada yangu, anayesomea diploma ya kemia katika chuo kimoja mjini Kajiado na ambaye huja kwetu wikendi. Jioni ile tuliporudi kwa daktari nilimuuliza kama anaijua floraidi. Akaniimbia yote bila kupumua: ni ioni ya florini, elementi ya kundi la halojeni, yenye elektroni saba katika mzingo wa nje, yenye uchu wa kunyakua elektroni kuliko elementi nyingine yoyote. Mada hiyo aliipita vizuri sana.

"Je, imo katika glasi hiyo unayokunywa?" nikamuuliza.

Akaitazama glasi. Akaiweka mezani polepole.

"Mjomba, hilo sikuwahi kujiuliza."

Sikumcheka. Mimi pia ni zao la mfumo wa 8-4-4. Nilikariri jedwali la elementi kama kasuku, nikafanya mtihani, na nilipokwenda kusomea uandishi wa habari nikaiacha kemia nyuma kama sare ya shule. Sote wawili tulikuwa tumefundishwa kemia ya kujibu maswali ya mtihani. Hatukufundishwa kwamba maswali mengine yanachemka jikoni.

Muhula uliofuata mpwa wangu alipata mwalimu mpya, na siku moja akarudi na karatasi kubwa iliyojaa mishale. Katikati palikuwa na herufi moja tu, F. Mishale mingine iliingia, mingine ikatoka, na mingine ikazunguka na kurudi ilikotoka. Alikuwa amemsimulia mwalimu kisa cha meno ya binamu yake, na darasa zima limepewa kazi ya kuifuata floraidi kutoka kwenye mwamba hadi kinywani. Nikaomba ruhusa ya kwenda kuona.

DARASA LA MISHALE

Nilipanda matatu ya asubuhi, tukapita Isinya, tukafika Kajiado, mji unaopitiwa na ile reli iliyojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kubeba magadi kutoka Ziwa Magadi hadi Konza. Nilikaa nyuma ya darasa pamoja na wanafunzi waliochelewa.

Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliandika F ubaoni akauliza maswali matatu: Imetoka wapi? Inakwenda wapi? Ni nani au nini kinachoisukuma?

Mshale wa kwanza ulikuwa rahisi. Ukanda huu wa Bonde la Ufa na tambarare zilizo kando yake umefunikwa na mawe ya volkano, na mawe hayo yana floraidi. Maji yakikaa ardhini miaka mingi huiyeyusha polepole. Kadiri kisima kinavyochota maji yaliyokaa zaidi na mwamba, ndivyo hatari inavyoweza kuzidi.

Kisha mwalimu akauliza swali lililonifanya niache kuandika. Mbona visima vingine, katika nchi hii hii ya volkano, vina floraidi kidogo?

Kimya. Mwishowe mpwa wangu akainua mkono. Kalsiamu, akasema. Floraidi na kalsiamu zikikutana katika maji hushikana na kuwa jiwe lisiloyeyuka kwa urahisi, lile lile lililokuwa likichimbwa Bonde la Kerio kwa miaka mingi. Kwa hiyo maji yenye kalsiamu nyingi hayawezi kubeba floraidi nyingi. Lakini maji ya huku yana asili ya magadi. Magadi huinyakua kalsiamu na kuitupa chini kama chokaa. Kalsiamu ikishaondoka, floraidi haina wa kuishika. Inabaki ikiogelea.

"Na maji yasiyo na kalsiamu tunayaitaje?" mwalimu akauliza.

"Maji laini!" darasa likajibu.

"Utayajuaje?"

"Sabuni hutoa povu haraka!"

Nilihisi kama aliyemwagiwa ndoo ya maji hayo hayo. Kumbe lile povu nililoonyeshwa kwa fahari lilikuwa dalili. Si kwamba kila maji laini yana floraidi. Ya mvua ni laini na ni salama kwa hilo. Lakini maji laini yatokayo kwenye kisima, katika nchi ya volkano na magadi, yanafaa kutiliwa shaka hadi yapimwe.

Hebu angalia, msomaji. Maji laini na magumu ni mada moja kitabuni. Halojeni ni mada nyingine. Uyeyukaji wa chumvi ni mada ya tatu. Mpwa wangu alikuwa amezisoma zote tatu na kupata alama nzuri katika zote tatu. Hakuna aliyewahi kuziweka chumba kimoja ili zisalimiane. Zilipokutana ubaoni, zilieleza kinywa cha mwanangu.

Mishale iliendelea, ikaingia jikoni. Mvulana mmoja alisema kwao wanachemsha maji, hivyo wako salama. Wenzake wakamrukia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale, na kwa hiyo inakuwa nzito zaidi. Msichana mwingine akataja magadi ambayo nyanya yake hutia katika githeri ili mahindi yaive upesi. Magadi ghafi ya ziwani nayo yanaweza kuwa na floraidi. Mwingine akataja chai, kwa maana mchai hukusanya floraidi katika majani yake. Jua kali nalo likapata mshale wake, kwa sababu mtu wa nchi ya joto hunywa maji mengi kuliko wa nchi ya baridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini shirika hilo hilo hushauri kila nchi izingatie hali ya hewa na kiasi cha maji wanachokunywa watu wake.

Mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya nyumbani kwangu. Uji wa mtoto, maji ya kisima. Maharagwe, maji ya kisima na magadi kidogo. Chai asubuhi na jioni. Mama mkwe wangu, Mungu ambariki, alikuwa ameyachemsha maji ya mjukuu wake mara mbili ili yawe safi zaidi.

Mishale ya mwisho ilinishangaza kuliko yote, maana haikutoka kwenye kemia kabisa. Kwa nini tuna visima vingi Kitengela? Mwanafunzi mmoja, kijana wa Kimaasai, alieleza kwamba babu yake alichunga ng'ombe pale ambapo leo pana maduka, na nyumbu walikuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi kuja kula nyasi tambarare hizo. Kisha, kuanzia miaka ya 1990, eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, likaanzishwa Athi River. Wafanyakazi wakatafuta nyumba, mashamba yakakatwakatwa kuwa ploti, na mabomba ya serikali hayakuweza kushindana na mbio hizo. Kila mwenye uwezo akachimba chake. Mshale ukatoka kwenye hati ya kuuza shamba, ukapita kwenye mtambo wa kuchimba kisima, ukaishia kwenye jino.

WALIOTUTANGULIA

Kufundisha kwa namna hii kunaitwa kufikiri kimfumo. Si jambo la Kajiado pekee. Mwaka wa 2017 umoja wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, ulianzisha mradi wa kuingiza fikra hizo katika masomo ya kemia ya shule za upili na vyuo. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Profesa Peter Mahaffy wa Kanada. Mwezi Desemba 2019 jarida la walimu wa kemia, Journal of Chemical Education, lilitoa toleo maalumu juu ya suala hilo. Hoja yao ni kwamba mwanafunzi asiishie kujua dutu inavyotengenezwa. Ajue pia inatoka wapi, inamgusa nani, na inaishia wapi baada ya sisi kumaliza nayo.

Meno ya kahawia yenyewe ni somo zuri la yanayotokea watu wasipounganisha mambo. Mwaka wa 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa kama ya binti yangu. Alitafuta chanzo kwa miaka 30. Mwaka wa 1923 aliitwa Oakley, mji mdogo wa jimbo la Idaho, ambako wazazi walimwambia kuwa madoa yalianza baada ya mji kuvuta maji kutoka chemchemi ya moto. Aliyapima maji asione kitu, kwa sababu hakuna aliyefikiria kupima floraidi. Hata hivyo aliwashauri waache bomba lile na kutumia chemchemi nyingine. Wakamsikiliza, na baada ya miaka michache wadogo wa watoto wale wakaota meno yasiyo na doa. Jina la mkosaji halikujulikana hadi mwaka wa 1931, mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipoyapima maji kwa chombo bora zaidi.

Kisa hicho cha Oakley nakisoma tena na tena. Wadogo wa watoto wale.

Lakini nisije nikapamba mambo. Nilipoongea na mwalimu baada ya kipindi, alikiri kwamba zoezi lile limemla majuma mawili, na darasa la jirani limekwisha kumtangulia katika silabasi. "Mtihani hauulizi mishale," akaniambia. "Unauliza mlinganyo." Wanafunzi wengine walinung'unika, na wana haki, kwa maana karo inalipwa kwa jasho na anayefeli hatalishwa na mchoro. Mwalimu hataki kuacha milinganyo. Anataka mwanafunzi aijue, kisha ajue inapoishi. Mpwa wangu ananiambia kwamba mada zile tatu sasa hawezi kuzisahau hata akitaka. Mimi naamini, kwa sababu hata mimi, niliyeiacha kemia, nimezikumbuka hadi kuziandika hapa.

TUFANYEJE BASI?

Siku ya mwisho darasa lilitafuta pa kuukata mnyororo. Wengi walipendelea makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa bila hewa nyingi hugeuka makaa yanayoivuta floraidi kutoka majini, kwa kuwa mfupa na jino ni ndugu. Njia hiyo imetumiwa na Dayosisi Katoliki ya Nakuru, na vilevile huko Ngurdoto karibu na Arusha, Tanzania. Kiserian, hapa hapa Kajiado, kuna vichinjio, kwa hiyo mifupa haikosi. Lakini mishale ikaleta maswali mapya. Makaa huchoka na lazima yabadilishwe, nani atalipa? Nani atayapima? Je, wazee watakubali kunywa maji yaliyopitia mifupa ya mnyama wasiyemjua?

Mpwa wangu alikuja na hesabu ndogo iliyonifaa mimi. Nyumba yetu ina watu watano. Maji yanayoingia kinywani, ya kunywa na ya kupikia, hayazidi lita 20 kwa siku. Tangi la lita 5,000 likijazwa na mvua latosha siku 250. Maji ya kuogea na kufulia yabaki ya kisima, yenye povu lake. Nilikuwa nikifikiri nahitaji kuhama. Kumbe nilihitaji mabati, mifereji na tangi moja. Wenzake walimkumbusha vumbi la barabara na viwanda linalotua juu ya paa, kwa hiyo tunayaacha maji ya manyunyu ya kwanza yamwagike kabla ya kufungulia tangi, na bado tunachemsha yale ya kunywa. Magadi yametoka jikoni. Maharagwe tunayaloweka usiku kucha. Mama mkwe alinuna wiki moja, kisha akazoea.

Tulipeleka maji ya kisima kupimwa. Yalikuwa na floraidi zaidi ya mara mbili ya kipimo cha WHO.

Karatasi ile ya majibu niliipeleka kwenye mkutano wa wenye nyumba mtaani kwetu. Ilisomwa, watu wakainamisha vichwa. Kisha jirani mmoja, mtu mwema aliyewahi kumkimbiza mke wangu hospitali usiku wa manane, akasema kwa upole, "Bwana mwandishi, hili tulimalize hapa hapa. Likitoka gazetini, nani atanunua nyumba hizi?" Hakuna aliyempinga. Nami sikumjibu haraka, kwa sababu nyumba yangu pia imo katika bei hiyo. Nyuma ya mtaa kuna vyumba vya kupangisha, na wapangaji wake wananunua maji yetu mtungi kwa mtungi. Nao wana watoto. Hawakuwa mkutanoni.

Nimeuficha mtaa wangu katika makala haya, ila mishale yenyewe sikuweza kuificha. Jumamosi iliyopita mimi na mpwa wangu tulikwenda vyumba vile, mlango kwa mlango, na nakala ya karatasi ya majibu. Akina mama walituuliza maswali magumu kuliko ya chuoni. Mmoja alitaka kujua kama amnyonyeshe mwanawe muda mrefu zaidi. Mpwa wangu alimjibu kwamba maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana. Mwingine aliuliza tangi ni pesa ngapi, na hapo sote wawili tukakosa jibu la kumtosha. Sasa tunazungumza na mwenye vyumba kuhusu mifereji ya paa lake. Hajakubali, wala hajakataa.

Mzazi mwenzangu, kama unaishi Kitengela, Isinya, Kajiado au kwingineko ambako maji yanatoka chini ya mawe ya volkano, kayapime kabla ya kumlaumu mtoto kwa mswaki. Na kama una mwana chuoni anayesomea kemia, usimuulize amepata alama ngapi tu. Mpe glasi ya maji ya nyumbani, kisha umuulize kuna nini ndani yake.

Binti yangu tumemwomba msamaha kwa ajili ya zile jioni za bafuni. Daktari anasema akikua kidogo meno yake yanaweza kurekebishwa yasionekane sana. Kwa sasa amejipa kazi. Mdogo wake akilia kiu, hakuna anayeruhusiwa kumpa maji isipokuwa yeye. Hupita bomba la uani bila kuligusa, akaenda kuyachota kwenye tangi la mvua. Meno ya mbele ya mvulana huyo hayataota kabla ya miaka mitano kupita. Hadi hapo hatutajua kama tuliwahi.